Naomba ushauri: ofisi ya watu wanne Mtwara mjini, chumba kizima au meza ya kushiriki?

Wakuu, heshima kwenu. Tunatafuta ofisi ya watu wanne Mtwara mjini, kampuni changa ya programu za kumbukumbu za maghala ya korosho. Bajeti ni laki tatu na nusu kwa mwezi, umeme na intaneti humo humo.

Njia ya kwanza ni chumba au fremu, Ligula au Chikongola. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na mtaji unaishia hapo. Halafu kuna kodi ya zuio 10%: mpangaji mfanyabiashara anaikata kwenye pango na kuipeleka TRA. Mwenye nyumba akisema "mimi nataka hela yangu kamili", mzigo unabaki kwako, kwa hiyo iandikwe kwenye mkataba kabla ya kusaini. Na LUKU! Mita ikiwa moja na jirani ana friza la samaki, ni ugomvi kila wiki. Kwetu mita ya peke yetu ni muhimu kuliko vigae.

Njia ya pili ni kukodi meza ndani ya ofisi ya mhasibu au wakala wa forodha. Ni nafuu, ila kwa leseni ya biashara unatakiwa mkataba wa pango wenye jina la kampuni, maelewano ya mdomo hayatoshi.

Nani amepata kulipa miezi mitatu mitatu? Msimu wa minada ya korosho ukianza Oktoba, vyumba vinapanda bei? Na kule Shangani karibu na bahari, kompyuta zinahimili chumvi bila kiyoyozi?