Naomba ushauri: nywele zinapukutika baada ya kupona Korona

Habari zenu ndugu zangu. Niko Kampala, upande wa Kisenyi. Niliugua Korona, homa ikanipanda sana, lakini namshukuru Mungu nikapona. Miezi kama mitatu baadaye nywele zikaanza kupukutika. Nikipitisha chanuo zinatoka kwa mafungu, kila unywele una kitone cheupe kwenye shina. Hakuna mabaka wala mapele kichwani, ila zimepungua kote.

Daktari amenieleza kwamba homa kali hufanya nywele nyingi ziingie kwenye mapumziko kwa pamoja, ndiyo maana huanguka miezi miwili au mitatu baadaye, wakati mtu ameshapona. Kwa kawaida hali hutulia ndani ya miezi 6 hivi, nywele zikaota tena, lakini polepole, kama sentimita 1 kwa mwezi. Nimemwelewa. Ila asubuhi nikikuta mto umejaa nywele, moyo unaniuma kwelikweli.

Naombeni mliopitia haya mnisaidie: zenu zilirudi nzito kama zamani? Msusi wangu anataka anisuke rasta ili kuficha, mimi naona zitavuta nywele ambazo tayari ni dhaifu. Au nizikate fupi tu? Na kuna aliyepima damu akakutwa na upungufu wa madini ya chuma? Nakula maharage na mboga ya dodo, sijui kama yatosha. Mafuta ya kutembezwa barabarani tafadhali msinitajie, nimeambiwa mengi mno na siyaamini.