Naomba ushauri: muvi za Krismasi za kumwekea bibi asiyejua Kiingereza

MtoriWaMoto (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mwaka huu tena tunapanda kwetu Rombo, Kilimanjaro, "kuhesabiwa", yaani ukoo mzima kukutana nyumbani Krismasi, na mimi ndiye niliyekabidhiwa burudani ya usiku wa Krismasi. Nina projekta ndogo, spika moja ya nguvu na shuka jeupe la kutundika ukutani. Vifaa si tatizo. Tatizo ni watazamaji: watoto kumi na kitu kuanzia wa miaka minne, vijana wa Dar ambao kila kitu wameshakiona kwenye simu, wajomba wawili wapenda ngumi, na bibi. Bibi ana miaka 84, Kiingereza hajui, na maandishi ya chini hayaoni.

Mwaka jana niliweka Home Alone, ile ya kwanza ya 1990, nikajua nimemaliza. Binamu akakaa ubavuni kwa bibi amtafsirie. Balaa. Watu wakicheka, bibi anauliza "amesemaje?", akishaambiwa, wenzake wako kwenye kicheko kingine. Tukafika pale Kevin anapowasha ule mkanda wa majambazi, wa rangi nyeusi na nyeupe. Jamaa anasema atahesabu mpaka kumi, anahesabu moja, mbili, anarukia kumi, halafu anamimina risasi huku anacheka. Bibi akainuka na rozari yake mkononi: "Leo kazaliwa Bwana, nyie mnaangalia mtu anauawa?" Akaenda kulala. Wale wezi walikuwa hawajakanyaga hata msumari mmoja.

Nataka mwaka huu akae mpaka mwisho. Za zamani, mpya, vyovyote. Nawasilisha.

Babu Reli

Pole mkuu, nimecheka mpaka wa jirani wameniuliza kulikoni. Ule mkanda wa majambazi si filamu ya kweli, ujue. Waliutengeneza makusudi kwa ajili ya Home Alone, ukafanana na za kale hadi watu wazima wanautafuta mpaka leo. Kwa hiyo bibi yako amedanganyika pamoja na wengi.

Weka Die Hard. Mkesha wa Krismasi, ghorofa refu, Bruce Willis pekupeku juu ya vioo. Wajomba watakushukuru.

Kipusa wa Tanga

@Babu Reli mtu kakwambia bibi amekimbia risasi tatu, wewe unampelekea ghorofa zima la risasi na matusi? Halafu hiyo si muvi ya Krismasi. Ilitoka Julai 1988, kiangazi cha kwao.

Babu Reli

Kama kigezo ni mwezi wa kutoka, basi na Miracle on 34th Street ya 1947 si ya Krismasi, maana nayo iliingia majumba ya sinema katikati ya mwaka. Na hiyo ina Santa mwenyewe kapelekwa mahakamani! Jadili hoja, dada.

Kipusa wa Tanga

Hoja ni bibi, kaka. Rudi kwa bibi.

Nyanya Mbivu

Vijana wa Dar watakwambia weka mpya. Red One ya 2024, The Rock kawa mlinzi wa Santa, nimeiangalia yote na sikumbuki hata tukio moja. Pesa imemwagwa, moyo hamna. Carry-On ya mwaka huohuo ni nzuri, kijana wa ukaguzi pale uwanja wa ndege anatishwa aachie begi lipite, ila ni maneno matupu ya sikioni kuanzia mwanzo. Bibi hatapata kitu. Violent Night usiiguse kabisa, Santa ana nyundo.

The Polar Express nayo achana nayo. Wale watoto wana macho kama ya samaki wa juzi. Mwanangu aliogopa.

Msafiri wa Minnesota

Huku niliko, kila Desemba wazee wanaangalia It's a Wonderful Life ya 1946. Historia yake inachekesha: ilipotoka haikurudisha hela vizuri. Mwaka 1974 wenye nayo wakasahau kuhuisha hakimiliki, vituo vya televisheni vikaona cha bure, vikaipiga kila Krismasi mpaka nchi nzima ikaikariri. Ndivyo ilivyogeuka "ya jadi". Na ile theluji yote ni povu la kuzimia moto lililochanganywa na sabuni, maana walipiga picha wakati wa joto kali.

Lakini kwa bibi siishauri. Ni saa mbili na zaidi, na mpaka malaika ashuke umeshapoteza ukumbi.

MtoriWaMoto

@Msafiri hiyo ya theluji ya sabuni nitamsimulia bibi. Yeye theluji anaiona Kibo kila asubuhi akifungua dirisha, hazimbabaishi za kwenye shuka.

Mzee wa Kibanda Umiza

Ngojeni niwaambie, nimeendesha kibanda cha kuonyeshea muvi miaka tisa. Hamjaelewa tatizo la huyu ndugu. Mnampa majina ya muvi, na ugonjwa wake ni mdomo. Kuna njia mbili tu za kumkalisha mtu asiyejua Kiingereza: muvi isiyo na maneno, au mtafsiri anayekalia kipaza sauti. Binamu wa kunong'ona sikioni hafai, maana anamtenga bibi na wenzake.

Bila maneno, anza na Charlie Chaplin, The Gold Rush ya 1925. Ina miaka mia na bado inaua. Wamekwama kwenye kibanda cha theluji, njaa inawauma, Chaplin anachemsha buti lake. Analikata kama nyama ya sikukuu, kamba anazizungusha kwenye uma kama tambi, misumari anainyonya kama mifupa ya kuku. Lile buti lilikuwa la peremende nyeusi, ila uso wake haukuambii. Angalizo: tafuta ile ya 1925 yenyewe. Mwaka 1942 Chaplin aliitoa upya akaisimulia kwa sauti yake, kwa Kiingereza, na hapo unarudi kulekule kwa binamu.

Kipusa wa Tanga

Sasa hapa tumeongea. Ongeza Mr. Bean, kile kipindi chake cha Krismasi cha 1992. Anaingiza kichwa ndani ya bata mzinga kutafuta saa yake, kichwa kinanasa. Sisi nyumbani ni Waislamu, Krismasi haituhusu, lakini kila Idi lazima mtu akiombe. Marehemu nyanya yangu alikuwa anamwita "yule mgonjwa".

Kwa wadogo kuna Shaun the Sheep, The Flight Before Christmas ya 2021. Nusu saa, kondoo wanalia tu mee, hakuna anayeachwa nyuma. Na The Snowman ya 1982, dakika 26, ukiacha utangulizi mfupi haina neno zaidi ya wimbo mmoja katikati. Hiyo ya mwisho nakuonya, inaisha mtu wa theluji kayeyuka. Andaa biskuti za kuwabembelezea.

Nyayo Estate

Mzee wa Kibanda amesema ukweli. Huku Kenya tulilelewa na DJ Afro, muvi ya Kichina anaitia Kiswahili na Sheng mpaka unasahau mdomo wa Jet Li unasonga kivingine. Nyinyi mna Lufufu wenu. Sasa chukua huyo binamu yako, umpe maiki, asitafsiri neno kwa neno, asimulie. Wahusika awape majina ya kijijini.

Na muvi ya kusimulia ni Klaus ya 2019, ya kuchorwa kwa mkono, Mhispania Sergio Pablos aliiongoza. Kijana mvivu mtoto wa tajiri anatupwa kisiwa cha baridi awe mtu wa posta, huko koo mbili zinapigana tangu mababu na hakuna anayejua sababu. Ukiisimulia vizuri, hata nyumba ya matope itatulia.

Ukitaka Kiswahili chenyewe, kuna yetu, Supa Modo ya 2018. Si ya Krismasi, na utalia: mtoto mgonjwa anayetaka kuwa shujaa wa sinema, kijiji kizima kinashirikiana kumdanganya kwamba ana nguvu.

Babu Reli

Usimlize bibi Krismasi. Ila Klaus naunga mkono, na mimi si mtu wa katuni.

Mama Paroko

Kumbuka na ile Filamu ya Yesu ya 1979, imeingizwa Kiswahili siku nyingi, bibi lazima aliiona uwanjani miaka ile ya jenereta. Weka mwanzo tu, mpaka mtoto azaliwe. Ukishampa hicho, hata ukileta mtu mwenye kichwa ndani ya bata atakuvumilia.

MtoriWaMoto

Wakuu, mmenitoa mbali. Nimeshapakia kwenye flashi. Mrejesho nitaleta.

MtoriWaMoto (27 Desemba)

MREJESHO.

Tulianza saa moja na nusu, kisusio kikiwa bado kinapita. Yesu kwanza, dakika chache kama alivyosema Mama Paroko, bibi akasogeza kiti mbele mwenyewe. Kondoo, watoto wakapiga kelele za mee mpaka mbuzi wa zizini akajibu. Mr. Bean, wajomba walianguka. Umeme ukakatika bata akiwa kichwani, tukakaa gizani nusu saa, watoto wakaigiza kwa sufuria.

Klaus aliisimulia binamu. Kijana wa posta alimwita Deo wa Mkuu, na hizo koo mbili zilivyoanza kurushiana theluji, bibi akauliza kwa sauti ukumbi mzima ukasikia: "Na hawa wanagombea kihamba?" Wajomba zangu wawili hawajasemeshana tangu Pasaka kwa ajili ya mpaka wa kihamba, shamba la migomba la ukoo. Kila mtu akaangalia mbege yake. Mjomba mkubwa ndiye aliyeanza kucheka.

Chaplin niliweka mwisho, saa tano kasoro, nikijua bibi atakuwa amechoka. Alikaa. Pale kwenye buti hakucheka, wote tumecheka yeye kimya. Akasema tu, "Huyo amewahi kulala njaa. Ona anavyonyonya." Kisha alipoanza kuchezesha mikate kwa uma ndipo akacheka, akacheka mpaka leso ikatumika.

Jana asubuhi nampelekea uji, ananiuliza yule mtu wa kiatu kama alipata dhahabu, maana mwishoni kulikuwa na kelele.

Mzee wa Kibanda Umiza

Mwambie alipata, mkuu. Na mwanamke pia alipata.

Kipusa wa Tanga

Na wajomba je?

MtoriWaMoto

Wamepanda mgombani pamoja asubuhi hii na kamba ya kupimia. Sijui kama ni heri au shari, nipo njiani kwenda kuangalia.