Naomba ushauri: mtoto anamlinganisha kereng'ende na papa wa kilindini

MamaMwanga
Habari zenu wakuu. Niko Kigoma. Binti yangu wa kidato cha tatu atawasilisha mada kwenye klabu ya sayansi: kereng'ende anayehama (Pantala flavescens) na papa wa Greenland. Ameandika umbo, chakula, makazi, uzazi, lakini ukisoma huoni kwa nini hawa wawili wamewekwa pamoja. Nimsaidieje bila kumfanyia kazi yake?

Kibirizi_Ziwani
Dada, aachane na papa. Achukue migebuka, wenzake wanaijua.

MamaMwanga
Nilimwambia, kakataa. Anampenda sana huyo papa.

MwalimuBios
Basi abakize jambo moja tu: muda. Kereng'ende huyo hutaga kwenye madimbwi ya mvua, na dimbwi halimsubiri mtu. Lava wake, yaani mtoto anayeishi majini kabla ya kuota mabawa, akichelewa anakaukiwa, kwa hiyo hukua kwa wiki sita hivi akaruka. Mwaka 2009 Charles Anderson, mwanabiolojia aliyekuwa akiishi Maldives, alitoa hoja kwamba wanafuata pepo za mvua kutoka India, wanavuka bahari hadi Afrika Mashariki na kurudi, kilomita 14,000 hadi 18,000. Safari hiyo inakula vizazi vinne, anayeanza siye anayemaliza.

Papa naye hana haraka yoyote. Maji ya Aktiki na Atlantiki ya Kaskazini yanakaribia kuganda, mwili unafanya kazi taratibu mno, na jike hupevuka akiwa na miaka 150 hivi. Kwa vizazi vinne kwa mwaka, hapo kereng'ende wamepita vizazi 600! Hesabu hiyo aiandike ubaoni.

Nyuki_Tabora
Naongezea, mkuu. Umri wa papa ulipimwa kwa kaboni ya mionzi kwenye lenzi za macho, utafiti wa 2016. Mkubwa kuliko wote alikadiriwa miaka 392, na makadirio yanaweza kupungua au kuzidi kwa miaka 120. Asiseme 392 kana kwamba kuna cheti cha kuzaliwa.

Pia ataulizwa kama papa huyo angeishi Tanganyika. Ziwa lina kina cha mita 1,470, ila kuanzia mita 200 hivi kwenda chini hakuna oksijeni.

MamaMwanga
Asanteni sana, amefuta nusu ya daftari na amefurahi. Anauliza, lava anaweza kuwapata hapa?

MwalimuBios
Mvua zikishakolea, achote kwa chujio kwenye dimbwi lililokaa wiki tatu. Amtazame mdomoni: mdomo wa chini unachomoka ghafla kukamata windo. Awaweke chombo kimoja kimoja, wanalana.