Mnatuuzia puti kwa jina la bodi: malalamiko kuhusu vipande vya gari vya chuma chakavu

Ndugu wenye magari, na hasa ninyi mafundi wa bodi, naweka jambo moja wazi mapema ili mtu asinijibu kwa neno ambalo sikulisema. Silalamikii chuma chakavu. Gari langu ni la zamani, madigadi zake hazitengenezwi tena kiwandani, na mwenye gari la namna hiyo hana budi kumtafuta fundi atakayekata, atakayegonga na kuchomelea kipande kipya kutokana na bati lililokuwa kitu kingine. Kazi hiyo ni ya heshima, na ikifanywa vizuri hata mjuzi hupata shida kutambua kwamba kipande hakikutoka kiwandani. Ninacholalamikia ni fundi kuokota bati lolote lililo karibu, kulibandika juu ya kutu, kulizika chini ya puti, yaani ule ujiuji mzito unaokauka na kuwa mgumu ambao hutumika kusawazisha bodi, kulipulizia rangi inayong'aa, kisha kumkabidhi mwenye gari huku akijisifu.

Tulikubaliana kwamba bati la madigadi mbili za mbele na la sehemu ya chini ya mlango litakatwa kutoka katika paa na boneti ya gari lililokufa. Sikuomba hivyo kwa kubahatisha. Bati la bodi ni chuma laini chenye kaboni kidogo, unene wake kwa kawaida huwa kati ya milimita 0.7 na 0.9, na limekusudiwa tangu kiwandani likubali kubonyezwa na kuvutwa bila kupasuka. Paa nalo liko mbali na matope ya barabarani, kwa hiyo mara nyingi hubaki zima hata pale ambapo sehemu za chini za gari zimekwisha kuliwa. Fundi alinisikiliza, akaafiki, akapokea malipo ya awali.

Rangi ilipoanza kuvimba juu ya gurudumu niliikwangua kwa msasa. Puti iliyokuwa chini yake ilikaribia unene wa kidole, ilhali puti ya bodi ni ya kusawazisha dosari ndogo na haipaswi kuzidi takriban milimita 3. Chini ya puti kulikuwa na bati la jokofu, upande wake wa ndani ukiwa bado na rangi nyeupe ya jokofu hilo, nalo lilikuwa limefungwa kwa ribiti, yaani vipini vya chuma vya kubana bati bila kuchomelea, juu ya madigadi ya zamani ambayo kutu yake haikuguswa hata kwa brashi ya waya. Paa na boneti nilizoahidiwa sijui zilikwenda wapi.

Wapo watakaosema kwamba bati ni bati mradi limeshika. Halikushika. Mabati mawili yakilaliana bila kuzibwa, maji hupenya katikati yake na kukaa humo, na puti ambayo wengi huidhani kuwa kinga ni yenyewe inayonyonya unyevu na kuushikilia juu ya chuma kisichokuwa na praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga kutu. Kutu iliyoachwa ndani huendelea kula, bati la juu linaanza kuinuka, puti inapasuka kando ya ribiti, na ufa huo mdogo unaingiza maji mengine. Ndiyo maana uharibifu ulionekana kwanza kwa nje kama lengelenge dogo la rangi wakati kwa ndani kipande kizima kilikuwa kimekwisha kuachia.

Kilichonikera zaidi ni namna umbo lenyewe lilivyotafutwa. Madigadi haijapinda upande mmoja tu. Juu ya gurudumu inapinda kwa urefu na kwa upana kwa wakati mmoja, na bati bapa halikubali umbo hilo kwa kukunjwa. Ni lazima katikati ya bati pavutwe hadi papanuke, kwa kupigwa juu ya mfuko wa mchanga au kupitishwa kwenye magurudumu ya kufinyanga bati, na kingo zake zipunguzwe kwa kukunjwa vikunjo vidogo ambavyo hugongwa taratibu hadi vimezwe na bati lenyewe. Baada ya hapo ndipo mabonde hulainishwa kwa nyundo upande mmoja na chuma kizito chenye umbo linalofaa upande wa pili. Kazi hii inachosha, inapiga kelele, na haina njia ya mkato, lakini ndiyo kazi tuliyomlipa fundi aifanye. Yeye alilipasua bati pembeni kama fundi cherehani anayekata pindo la duara, akavikunja vile vipande kimoja kimoja kuifuata duara la gurudumu, akaacha pembe zote zilizotokeza, na mabonde yaliyobaki akayakabidhi kwa puti. Hakukuwa na hata kiolezo cha karatasi ngumu kilichochukuliwa upande wa kulia ili kigeuzwe kitumike kushoto, ndiyo maana nafasi kati ya madigadi na mlango ni nyembamba juu na pana chini, jambo ambalo mtu yeyote mwenye macho mawili angeliona kabla rangi haijapulizwa.

Kwenye mlango alichomelea kweli, na huko alifanya kosa la kinyume. Alivuta mstari mmoja mrefu wa moto bila kupumzika. Chuma kinachochomelewa hupanuka kikiwa na joto, na mshono unapopoa husinyaa na kuvuta kila kilicho jirani yake, kwa hiyo bati jembamba huchomelewa kwa nukta: nukta moja hapa, nyingine mbali na hapo, bati lipoe, kisha fundi arudi kuzijaza nafasi hadi mshono ukamilike, huku akiugonga kidogo ili kurudisha urefu uliopotea. Mlango wangu umepinda kiasi kwamba ukiubonyeza kwa kiganja unaingia ndani kwa mlio na kurudi tena nje. Kisha akachukua grenda kuuficha mshono, akala pamoja na mshono bati lililokuwa zima, na sehemu nyingine zimebaki nyembamba hivi kwamba nukta mpya ya moto itatoboa tu.

Nimeambiwa na mwanagenzi wake, ambaye simlaumu kwa lolote, kwamba katika karakana hiyo hutumia pia mabati ya kuezekea na mapipa. Hapo hasira yangu inapita habari ya gari langu. Mabati mengi ya kuezekea ni chuma kigumu kisichotaka kuvutwa, ukikilazimisha kinapasuka kwenye kunjo, na tena yana zinki. Zinki huchemka kwa nyuzi joto 907 za Selsiasi ilhali chuma huyeyuka karibu na 1,500, kwa hiyo kabla mshono haujashika, zinki imekwisha kuwa moshi mweupe ambao humpa anayeuvuta homa, baridi na maumivu ya mwili saa chache baadaye. Anayeuvuta ni yule kijana aliyeinama juu ya kazi bila barakoa ya maana. Pipa lililokuwa na thina ya kuzimulia rangi au mafuta ni hatari kubwa zaidi, kwa kuwa mvuke uliobaki ndani hulipuka unapokutana na cheche, hata pipa likionekana kavu. Fundi anayekata pipa bila kujua lilibeba nini, na bila kulisafisha kikamilifu, hana sababu ya kujisifia ujuzi wa kubana matumizi.

Sasa kizingiti cha chini ya mlango. Hiki sikumwomba akiguse. Alikiona kimeoza, akakifunika kwa kipande hichohicho cha jokofu, akakipaka rangi nyeusi ya chini na kuyaziba matundu ya kutolea maji. Katika magari mengi yasiyo na chasi ya pekee, yaani fremu iliyo mbali na bodi, kizingiti ni sehemu ya mifupa ya gari. Ndicho kinachozuia bodi isijikunje katikati na ndicho kinachopokea sehemu ya kishindo gari likigongwa ubavuni. Kukifunika kwa bati la kupambia ni kumdanganya mtu kuhusu usalama wa watoto wake walioketi nyuma. Nilipomuuliza, alijibu kwamba hufanya vivyo hivyo kwa magari yote, hata mapya. Magari mengi ya siku hizi yana nguzo za milango zilizotengenezwa kwa chuma chenye boroni kilichofanywa kigumu kwa joto na kupozwa ghafla kiwandani, na mwali wa gesi ukikipasha tena kinapoteza ugumu huo bila dalili yoyote ya nje. Nawaonea huruma wateja wake wenye magari mapya kuliko ninavyojihurumia.

Najua utetezi unaokuja: wateja wanataka kazi ya haraka na ya bei ndogo. Basi fundi aseme mbele ya mteja, kabla ya kuanza, kwamba kwa malipo hayo atapata ribiti na puti, na mteja aamue. Mimi nililipia bati la gari na mshono. Kuniuzia kitu kingine chini ya rangi hakuitwi unafuu.

Kwa wenye magari wenzangu, chukueni sumaku ndogo, ifungeni kwa kitambaa laini isikwaruze rangi, muipitishe polepole juu ya kila kipande kilichorekebishwa. Pale inapoacha kushika, isipokuwa kama kipande ni cha alumini au plastiki, pana puti nene au pana tundu lililozibwa. Dai pia kuliona bati likiwa uchi, pande zote mbili, kabla ya puti na kabla ya praima, na upige picha. Fundi anayejiamini hatakasirika. Wa kwangu alikuwa kila mara ana sababu ya kuniambia nisije siku hiyo.

Mlango nimekwisha kuung'oa, puti yote iko sakafuni, na kizingiti nimekifungua hadi mahali ambapo chuma kinatoa mlio mzima kikigongwa. Natafuta wa kuirudia kazi hii. Anayeitaka aje na kipande cha bati atakalotumia, kikiwa hakijapakwa chochote, na aje tayari kunionyesha jinsi atakavyokivuta kiwe duara bila kukipasua pembeni. Kipimo cha unene ninacho mwenyewe, na nitapima kabla hajawasha mashine.