Mchujo wa urais: sisi wenye kadi tumempima nani, lini?

Jamaa zangu, leo sinyamazi. Tangu juzi hapa barazani Majengo, Mombasa, ni ubishi mtupu: fulani ndiye afaaye kupeperusha bendera ya chama, fulani hafai, fulani ana watu lakini hana pesa. Nimesikiliza mpaka kahawa ikapoa, kisha nikauliza: katika nyinyi nyote, nani amewahi kupiga kura ya mchujo wa urais? Kimya. Watu wazima wenye kadi mifukoni, wengine tangu enzi za KANU, na hapana hata mmoja.

Basi twabishania nini?

Mchujo wa mwakilishi wadi twapangwa foleni juani mpaka watu watoane ngeu. Wa mbunge vivyo hivyo. Ikifika zamu ya yule atakayeishika nchi nzima, mlango wafungwa, wajumbe wapandishwa mabasi kwenda uwanja wa Kasarani, Nairobi.

Ushindani wa kweli naukumbuka ule wa chama cha ODM, tarehe 1 Septemba 2007. Raila kura 2,656, Mudavadi 391, Ruto 368. Hata hapo waliopiga ni wajumbe. Na Balala wetu, aliyekuwa mbioni nao? Alijiondoa akamuunga Raila, Nyagah naye pia. Simlaumu, huenda alipiga hesabu zake. Kinachoniuma ni kwamba mpaka leo hatujui Mpwani angepata ngapi Kisauni, ngapi Kisumu, ngapi Wajir. Mwaka 2012 Mudavadi akahama ODM kwa ugomvi huu huu wa tiketi. Mwaka 2021 ODM ikaweka ada ya shilingi milioni moja kwa anayetaka tiketi ya urais, magavana Joho na Oparanya wakajitokeza kuitaka tiketi hiyo, lakini Februari 2022 wajumbe wakamwidhinisha Raila bila mpinzani. Na wa chama cha UDA msicheke: mwezi uliofuata, Kasarani hiyo hiyo, Ruto naye peke yake.

Msinambie wajumbe watuwakilisha. Chama changu sikitaji, lakini nimekwenda ofisini kwao mara tatu kuomba nionyeshwe orodha ya wajumbe wa wadi yangu. Mara tatu naambiwa njoo kesho. Mtu anipigie kura ya urais nami hata jina lake silijui!

Hili kwetu si jambo la heshima tu, ni la sahani. Mwaka 2019 ilipoamriwa makontena ya bara yapande reli, madereva wa malori walikaa nyumbani, hoteli za Changamwe na Miritini zikakosa wateja, vijana wa makarani wa forodha wakafunga virago. Tuliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Kisha tarehe 13 Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Ruto akatangaza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Tulililia miaka mitatu, likaamuliwa siku moja! Sasa niambieni, ni chama gani kilichowasimamisha wanaotaka tiketi yake mbele ya watu wa Changamwe, mmoja aseme mizigo ibaki hapa, mwingine aseme iende bandari kavu ya Naivasha, sisi tukasikia na kuchagua? Na ardhi je? Kuna watu Likoni wamezaliwa na kuzeekea juu ya shamba la mtu wasiyemjua. Hilo nalo nataka niwasikie wagombea wakipingana, ana kwa ana, kabla chama hakijatoa tiketi. Baadaye nimechelewa, kwa sababu mgombea akishaidhinishwa sina mwingine wa kumlinganisha naye, nabaki kumtetea hata nikiwa na shaka naye.

Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Kesho asubuhi narudi ofisini mara ya nne kuitaka ile orodha, na nitakaa mlangoni mpaka waitoe. Wa Likoni, Jomvu, Nyali, Mvita, Kisauni, nendeni mkaulize katika vyama vyenu, chochote kile. Leteni majibu hapa.