Naomba ushauri: kiwanja cha wazi, mama ntilie niwaweke wapi?

Habarini wakuu, wakubwa shikamooni. Mi ni msanifu majengo hapa Tanga, nachora upya kiwanja cha wazi karibu na stendi, kuna mwarobaini mmoja na chini yake mama ntilie wanne na benchi la bodaboda lililopigiliwa misumari mikubwa. Nimeshinda pale siku tatu nahesabu watu, saa saba mchana wote wako kivulini, kwingine hamna hata mtu. Mteja anataka pevingi kote na fensi. Nimemuonyesha bustani ya Forodhani ya Zanzibar ilivyokarabatiwa 2009 na wauza vyakula wakarudi, anasema ile ya watalii. Roho inaniuma kweli, wale mama wataenda wapi? Waliowahi kufanya hivi, mlimshawishije mteja? Na maji ya kuoshea vyombo mliyapitishaje?