Wanafunzi wangu wanasimama jukwaani kama nguzo za umeme: nianzie wapi kuwafundisha miondoko?

MwalimuIhumwa aliuliza:

Habari zenu, walimu wenzangu. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari iliyo pembezoni mwa jiji la Dodoma, na mwaka huu nimekabidhiwa klabu ya maigizo baada ya mwalimu aliyekuwa akiisimamia kuhamishwa. Sikusomea sanaa za maonyesho. Nilichosoma chuoni ni uhakiki wa tamthilia, yaani dhamira, wahusika na matumizi ya lugha, na sasa ninagundua kwamba mtu anaweza kuhakiki tamthilia kumi bila kujua mwigizaji aiweke wapi mikono yake.

Klabu ina wanafunzi 34 wa kidato cha kwanza hadi cha tatu, na tunaandaa igizo fupi kwa ajili ya mahafali ya kidato cha nne, linalohusu familia inayogombea shamba la zabibu baada ya baba kufariki. Maneno wameyashika vizuri. Kinachonishinda ni miili yao. Wanajipanga mstari mmoja kuikabili hadhira kama wanakwaya, kila mmoja anasubiri zamu yake, na akishamaliza kusema anapoa kabisa na kuanza kutazama dirishani. Wachache wanaotembea hutembea ovyo, kwenda na kurudi, na kosa ni langu kwa sababu niliwaambia wasisimame tu. Nikitaka hasira, wananyooshea kidole na kutoa macho kama wachekeshaji wa kwenye runinga. Wasichana wanaona haya kuinama au kuchuchumaa kwa sababu ya sketi.

Zaidi ya hayo, kuna tukio ambalo mjomba anamsukuma mpwa wake hadi chini, na bwalo letu lina sakafu ya saruji. Ijumaa iliyopita kijana alijitupa kwa moyo wote, akachubuka kiwiko, nikasimamisha mazoezi. Nina dakika 80 kila wiki. Naomba mwongozo.

Mwanafani alijibu:

Pole kwa majukumu, Mwalimu. Mimi nilisomea Bagamoyo miaka ile chuo kikiitwa bado Chuo cha Sanaa, kabla ya kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa) mwaka 2007, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uliweke igizo kando kwa Ijumaa mbili. Najua mahafali hayasubiri, lakini ukiendelea kurekebisha mikono ndani ya tukio utakuwa unaziba ufa kwenye nyumba isiyo na msingi.

Ijumaa ya kwanza watembee tu. Wote 34 wazagae bwaloni, kila mmoja akienda penye nafasi bila kufuata mduara, kisha uwaambie wasimame papo hapo. Wasipapase nguo wala kujikuna. Wasimame uzito ukiwa katika miguu yote miwili, magoti yakiwa yamelegea kidogo, pumzi ikishuka hadi tumboni. Kusimama kwa utulivu ni jambo gumu kuliko yote utakayowafundisha. Wakishaliweza, waambie watembee huku kifua kikiwaongoza, kisha paji la uso, kisha tumbo, kisha magoti. Utaona wahusika wakizaliwa wenyewe: anayeongozwa na kifua huwa tajiri au polisi, anayeongozwa na paji la uso huwa mtu mwenye deni.

Ijumaa ya pili waletee kazi. Rudolf Laban (1879–1958), mtaalamu wa dansi aliyefanya kazi Ujerumani na baadaye Uingereza, alichunguza miondoko ya wafanyakazi wa viwandani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Katika uchambuzi wake, kitendo hupimwa kwa mambo matatu: uzito wake ni mkubwa au mwepesi, mwendo wake ni wa ghafla au wa taratibu, na njia yake imenyooka au inapinda. Ukichanganya hayo unapata vitendo vinane vya msingi, na hakuna haja ya kuwatajia watoto nadharia yoyote, kwa sababu vingi vya vitendo hivyo wanavifanya nyumbani. Kutwanga mtama ni kuzito, kwa ghafla na kwa njia iliyonyooka; kukamua blanketi lililoloa ni kuzito lakini taratibu na kwa kupinda; kufyeka ni kuzito, ghafla, kwa kupinda; kuchambua mawe kwenye mchele ni kwepesi, ghafla na moja kwa moja.

Mwanafunzi afanye kitendo hicho mikono mitupu hadi mwili ukikumbuke, halafu aseme sentensi moja ya igizo lenu, tuseme "Nipe hati ya shamba," akiwa bado anatwanga, kisha akiwa anakamua. Baadaye aisimamishe mikono kabisa, ila sauti na mgongo vibaki vinatwanga au vinakamua. Hapo ndipo hasira inapoacha kuwa kidole kilichonyooshwa.

Kuhusu kutembea ovyo, weka sheria moja: hakuna anayeondoka alipo mpaka aweze kukuambia anakwenda kutafuta nini au anakimbia nini.

BibiMpwapwa alijibu:

Wanangu, mimi nimestaafu ualimu, ila maigizo ya shule nimeyalea muda mrefu. Mwanafani kwenye kazi za nyumbani amesema kweli tupu. Kwenye kuanza na kutembea ndipo ninapotofautiana naye. Mtoto mwenye haya ukimwambia atembee mbele ya wenzake huku akitazamwa, unamwongezea haya. Mwanzishie ngoma.

Hapo Dodoma, Mwalimu, una utajiri ambao shule nyingi hazina. Katika muheme wa Wagogo wapigaji ni wanawake, na kila mmoja huibana ngoma yake katikati ya mapaja akiwa wima. Tazama mwili unavyofanya hapo: magoti yamekunjwa, nyonga imeshuka, mgongo umesimama imara, mabega yako huru, na macho hayaangalii ngoma bali wenzake, kwa kuwa asipowasikiliza mapigo yanavurugika. Hayo yote ndiyo unayoyatafuta kwa mwigizaji. Marehemu mzee Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha huko huko Bagamoyo, aliimba, akapiga ala na kucheza kwa wakati mmoja, na hukuweza kuona mahali ambapo sauti iliishia na mwili ukaanza.

Ila usifanye kosa la kuichomeka ngoma katikati ya igizo ili wageni wapige makofi, kisha watoto warudi kuwa nguzo. Cheza nao dakika kumi mwanzoni, halafu zima ngoma ghafla na tukio lianze papo hapo, miguu ikiwa bado ina joto.

Najua pia kwamba tangu serikali ihamie huko madarasa yamejaa watoto wa kila kabila. Basi kila mmoja aonyeshe jinsi kwao wanavyomwamkia mkubwa: yupo atakayepiga goti, yupo atakayeinama kidogo, yupo atakayetoa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko. Kisha mjane wa igizo lako amwamkie shemeji yake mwanzoni kwa goti hadi chini, na tukio la mwisho amwamkie akiwa wima. Hadhira yetu itasoma hapo ugomvi mzima bila neno hata moja.

Na sketi isikuumize kichwa. Waruhusu wavae suruali za michezo na kujifunga kanga juu yake.

KochaKongwa alijibu:

Nitagusia kuanguka tu, kwa kuwa ninafundisha elimu kwa michezo na viwiko vya namna hiyo nimevifunga sana. Anayesukuma hasukumi. Anaweka kiganja kifuani kwa mwenzake na kukiacha hapo bila nguvu yoyote. Anayeanguka ndiye mwenye kuliongoza tukio zima, yeye ndiye anayeamua lini na upande gani, na wasipotazamana machoni kwanza, tukio halianzi.

Kuanguka kwenyewe ni kuketi kulikofichwa. Mwanafunzi arudi hatua moja, akunje magoti hadi makalio yakaribie sakafu, kisha atue kwa upande wa paja, nyonga, ubavu, na mwisho bega la nyuma, kidevu kikiwa kimeelekea kifuani ili kisogo kisiguse saruji. Asijikinge kamwe kwa kiganja mkono ukiwa umenyooka, maana hapo ndipo kifundo huvunjika. Wala asitue kwa goti au kiwiko. Azimeni magodoro mawili bwenini, waanze wakiwa wameketi, kisha wakiwa wamechuchumaa, na mwisho wakiwa wima, kwa mwendo wa kinyonga. Kasi mtaiongeza polepole, na siku ya onyesho wasiifikie kasi ya ugomvi wa kweli. Kishindo kitengenezwe na mwingine nyuma ya pazia kwa kupiga ubao.

MwalimuIhumwa alirudi kujibu:

Bibi, shikamoo, na nyote asanteni. Ijumaa mbili zimepita. Tulianza na ngoma kama Bibi alivyoshauri, tukitumia ndoo za plastiki, kwa sababu ngoma za shule zimepasuka, na baada ya hapo wakatembea bila yeyote kulalamika. Jambo lililonishangaza ni la msichana wa kidato cha pili anayeigiza mjane. Nilimpa kitenge kilicholoa akikamue huku akisema maneno yake kwa shemeji, mara nne tano hivi, kisha nikakichukua. Mikono ikabaki tumboni, imeshikana, vidole vikizungukana polepole, na sauti ikashuka. Wavulana waliokuwa wakicheka nyuma wakanyamaza.

Magodoro tumepata, na mpwa sasa anaanguka bila kuumia. Shida iliyobaki ni kwamba kila akifika chini anacheka, na wenzake wote wanamfuata.

KochaKongwa alijibu:

Anacheka kwa sababu akifika chini kazi yake imeisha. Mvue kiatu kimoja anapoanguka, halafu mwambie akitafute.